Sikio la Kushoto la Clotilda

Watu wa Mtaa wa Sikukuu walisikia kishindo kwanza, ndipo wakaziona sufuria. Zilitoka dukani kwa Clotilda moja baada ya nyingine, kubwa kwa ndogo, zikabingirika barabarani, moja ikaenda kusimama chini ya mkokoteni wa muuza nazi. Ndani, mwenye duka alikuwa sakafuni, mguu mmoja bado umenasa kwenye ngazi, ameishikilia sakafu kwa viganja viwili kama mtu anayeogopa itamkimbia. Hakuvunjika mahali. Lakini hata hajainuliwa, kuli mmoja alishatema lake: "Mama leo kapiga za asubuhi!" Watu wakacheka. Ndiyo Kariakoo hiyo. Unaanguka, wanacheka kwanza, pole inakuja baadaye ikikumbukwa.

Na aliyechekwa hivyo tangu azaliwe hajawahi kulewa. Mchaga wa Kibosho asiyekunywa, hebu fikiria! Kwenye harusi na matanga alipewa kata ya mbege, pombe ya ndizi, akaigusisha midomo kwa adabu, kisha akampasia mumewe. Marehemu Isidori alikuwa akijisifu kwamba yeye ndiye mwanamume pekee Rombo nzima anayekunywa mgao wa watu wawili bila kugombana na mtu.

Duka hilo la sufuria walilianza wao wawili kwa beseni moja la vikombe pembeni mwa barabara, wakajibana, wakafukuzwa na mgambo, wakarudi, wakafukuzwa tena, mpaka wakapata fremu yao na kuwauzia jumla mama ntilie na wenye hoteli. Isidori alipofariki mwaka jana, Clotilda alilia siku za kulia, kisha akavaa kitenge chake cheusi akaenda kufungua mlango. Waliokuwa wamejiandaa kumwonea huruma walinuna. Aliyenuna kuliko wote ni Anselmi.

Huyu Anselmi ni mdogo wake Isidori. Alikuwa na duka la vipuri Gerezani, likamfia mkononi, na watu wote wa ukoo walijua ni pombe iliyoliua. Kwaresma ya mwaka juzi alisimama mbele ya wazee akaapa kwamba ameacha. Akabadilika kweli, au ndivyo walivyoona. Kila sherehe utamkuta na chupa yake ya soda ya chungwa, anakunywa taratibu, anashauri vijana. Wakamheshimu, wakamfanya mwenyekiti wa jumuiya. Isidori peke yake ndiye aliyegundua kwamba ile soda huwa ina mwenzake ndani, na kabla hajafa alimnong'oneza mkewe, akamwomba asimwambie mtu, aibu ya ndugu ni aibu ya nyumba. Clotilda akanyamaza. Alikuja kujuta kunyamaza huko mpaka meno yakamuuma.

Maana ugonjwa ulimjia wakati wa masika, nyumbani kwake Magomeni. Aliamka na mafua na homa, kufumba na kufumbua chumba kikaanza kuzunguka. Si kizunguzungu cha njaa kile, la. Dari lilikimbia, kitanda kikamfuata. Akatapika mpaka nyongo. Sikio la kushoto likaanza kupiga kelele kama redio isiyokamata stesheni. Zahanati wakampima malaria, hakuna. Wakampima presha, iko sawa. Wakampa vidonge vya kutuliza kichefuchefu, akarudi. Dunia ikaacha kuzunguka baada ya siku chache, lakini miguu haikurudi ilivyokuwa. Akigeuza kichwa ghafla, anapepesuka. Gizani anatembea ameshika ukuta. Na lile sikio likawa halisikii tena ila mlio wake lenyewe.

Anselmi akaja kumjulia hali, mkononi chupa ndogo ya dawa ya kikohozi.

"Shemeji," alisema kwa upole, "babu yetu alikuwa na tatizo hilihilo. Hii unaipasha moto kidogo, unatia matone sikioni asubuhi na jioni. Nyingine jipake nyuma ya sikio na shingoni."

Clotilda akanusa, akakunja uso. "Mbona gongo hii?"

"Ni gongo ndiyo. Dawa ni dawa, shemeji. Au mnataka mpaka iandikwe Kizungu?"

Akaamini. Kwa nini asiamini? Ni ndugu wa mume, kamletea dawa ya ukoo, kaja na mkono wa pole. Akatia matone, akajipaka, asubuhi na jioni, na akaenda dukani hivyohivyo. Sikio halikupona. Ndipo siku ile akapanda ngazi kushusha sufuria namba kumi, mteja wa kutoka Morogoro akamwita kutoka mlangoni, akageuza kichwa kumwitikia, na yakatokea yaliyotokea.

Jioni yake Anselmi alikuwa Magomeni tena, na safari hii amekuja na Hyasinta, dada yao, wifi yake Clotilda, mwanamke mnene wa huruma na wa maneno mengi. Hyasinta akamkumbatia mgonjwa, "Pole wifi yangu, pole mama," akavuta pumzi shingoni pake, akaganda. Akamwachia polepole. Akamtazama kaka yake, na kaka yake akatikisa kichwa kwa masikitiko, kama kusema, si niliwaambia?

Hapo Clotilda alielewa. Alielewa yote kwa mkupuo mmoja: chupa, matone, shingo, na kwa nini shemeji yake alisisitiza shingo.

Kikao cha ukoo kilikaliwa kwa Mzee Beno, baba mdogo wa akina Isidori, aliyestaafu kazi ya kutoa mizigo bandarini na ndiye anayeamua mambo ya ukoo hapa mjini. Clotilda aliwaeleza yote. Ni dawa ya sikio, shemeji ndiye aliyemletea. Anselmi akaweka mkono kifuani. "Mimi? Mimi niliyeapa mbele yenu? Nitembee na gongo mfukoni?" Wakamwamini. Kila aliyekuwa sebuleni alimtazama Clotilda kwa lile jicho la huruma linalochoma kuliko tusi. Alipofumbua mdomo aseme habari za soda, Hyasinta alimkatiza: "Wifi, basi. Usitake kumvuta na mwenzio topeni."

Uamuzi ukatoka. Funguo za duka achukue Anselmi kwa sasa, mgonjwa apumzike. Krismasi, ukoo mzima utakapopanda Rombo, wazee watakaa wamalize: kama Clotilda bado yuko hivi, basi duka libaki kwa Anselmi moja kwa moja, na mjane akapumzike kijijini, alime nyanya na kufuga kuku. Clotilda akaziweka funguo mezani. Akatoka. Kwenye ngazi ya baraza akapepesuka, na Anselmi akamdaka kiwiko, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka ndani, "Polepole, shemeji. Watu wasije wakasema."

Lo! Neno hilo lilimwingia akalala nalo, akaamka nalo. Hakulia. Machozi alishayamalizia kwa Isidori. Alikaa kitandani Magomeni akimtafakari Anselmi usiku na mchana kwa bidii kuliko mtu anavyomfikiria mchumba, na kila alipomfikiria alimwona chini, sakafuni, watu wakimcheka. Sala zake zenyewe ziliharibika. Akifika kwenye "kama nasi tunavyowasamehe," anaruka, anakwenda mbele.

Aliyemtoa kitandani ni Nunu. Nunu na Clotilda wametazamana duka kwa duka tangu Brightness wa Clotilda na binti wa Nunu wakinyonya. Ni wa familia ya Kiarabu ya palepale Kariakoo, anauza udi, mafuta ya uturi na madera, na ulimi wake haukopeshi.

"Mama Brightness," alisema, hata kikombe cha chai hajakigusa, "hao wakweo wana pua au wana mapambo? Mimi nakula kwa pua. Mlevi ananuka mdomo. Wewe unanuka sikio! Na shingo! Nani anakunywa kwa shingo?"

Clotilda akacheka, mara ya kwanza tangu masika. Akamweleza yote. Nunu akasikiliza, akasonya, akasimama. "Vaa. Shahd yuko kazini leo."

Shahd ni binti wa Nunu, mtaalamu wa masikio kwenye kliniki moja Upanga. Aliamkia, "Shikamoo, khalati," akimwita mama mdogo kwa Kiarabu cha kwao, akamkalisha, na cha kwanza alichouliza kilimfanya Clotilda amtazame vizuri.

"Umekunywa pombe yoyote tangu juzi? Samahani, namuuliza kila mtu."

"Kwa nini unamuuliza kila mtu?"

"Pombe inaingia mpaka kwenye mashine ya mizani iliyo ndani ya sikio. Mtu akinywa leo, hata kesho asubuhi akiwa amekauka, anajiona mzima, nikimlaza na kumgeuza kichwa macho yanaruka yenyewe. Yanaharibu kipimo changu. Kwa hiyo nauliza."

"Hata akikataa?"

"Macho hayakatai, khalati."

Clotilda akalihifadhi neno hilo mahali pazuri.

Kipimo chenyewe kilichukua asubuhi nzima. Shahd alimwangalia kwanza ngoma ya sikio, akasema ni nzima. Akamwingiza kwenye chumba kisichopitisha sauti, akamsikilizisha milio. Sikio la kulia likaitikia, la kushoto likakaa kimya. Kisha akamvalisha miwani mikubwa myeusi yenye kamera ndani, na macho ya Clotilda yakatokea kwenye skrini ukutani, makubwa kama sahani. Nunu alipoyaona alisema a'udhubillahi. Fuata taa hii. Lala. Geuka kulia. Geuka kushoto. Macho yalitulia vizuri tu. Shahd akamshika kichwa kwa mikono miwili, akakigeuza ghafla kidogo huku na huku. Upande wa kulia macho yalibaki pale alipoambiwa atazame, upande wa kushoto yakapotea njia, yakarudi yakikimbia.

"Sasa maji," Shahd alisema. "Nitatia maji ya baridi sikioni, kisha ya uvuguvugu. Dunia itazunguka, usiogope, inapita. Wewe uwe unanitajia majina ya mitaa ya Kariakoo, usinyamaze."

Akaanza na la kulia. "Congo," Clotilda alitaja ndani ya giza la ile miwani, "Mchikichini, Swahili, Narung'ombe... Mama yangu! Nashuka! Nishikeni!" Kitanda kilikuwa kinamgeuza kama siku ile ya masika. Alimng'ang'ania Nunu mkono mpaka bangili zikambana. Yakaja ya kushoto. Akakaza meno. Akataja Sikukuu, akataja Nyamwezi, Aggrey, Livingstone, Msimbazi. Akataja mpaka mitaa ya Ilala. Utulivu mtupu. Maji yanaingia, yanatoka, na yeye amelala pale kama yuko kwake.

"Alhamdulillahi," Nunu alisema. "La kushoto zima!"

"Limepona!" Clotilda alisema, akakaa. "Kumbe bovu ni la kulia!"

Shahd akavuta kiti karibu. "Hapana, khalati. Sikiliza. Ndani kabisa ya sikio kuna vijifereji vyenye majimaji. Ukigeuka, majimaji yanacheza, ubongo unajua umegeuka. Mimi nikitia maji ya baridi au ya moto nakidanganya tu kifereji, kinasema tunazunguka wakati umelala. Sikio zima hudanganyika. Lako la kushoto sikuweza kulidanganya, kwa sababu limekufa. Hata maji ya baridi sana halikuyajua."

Clotilda akauliza swali alilokuwa amelitamani jibu lake kuliko dawa.

"Ni ile gongo iliyoliua?"

Alitaka aambiwe ndiyo. Mungu amsamehe, alitaka. Ingekuwa ndiyo, angekuwa na haki ya kumchukia Anselmi kwa sikio alilompotezea, si kwa jina jema alilomchafulia tu.

"Hapana," Shahd alisema. "Ngoma yako nzima, gongo iliishia nje. Inaelekea ni ile homa ya masika. Ukiangalia dalili zako, ilishafanya kazi yake kabla shemeji yako hajaja. Halitarudi. Lakini nitakupa mazoezi ya macho na kichwa, ubongo utajifunza kutumia upande mmoja. Utatembea vizuri. Ngazi tu uiogope."

Basi Clotilda akabaki na kisasi cha jina tu. Akaona kinatosha. Akauliza kama anaweza kuwaleta wakwe zake waelezwe hayo hapohapo mbele ya mashine. Shahd akasema kwa ruhusa yake mwenyewe, inawezekana. Siku gani?

"Jumatatu," Clotilda alisema. "Ile inayofuata Jumapili ya kipaimara cha mjukuu wa Mzee Beno. Saa mbili asubuhi."

Jumapili hiyo alikwenda kwenye sherehe, amevaa vizuri, ameshika mkono wa bintiye Brightness asije akayumba. Hakuna aliyemkumbatia. Alikaa pembeni na maji yake, akamtazama Anselmi meza ya mbele, na soda yake ya chungwa. Alimtazama akiimaliza. Akamtazama akitoka nje kidogo na kurudi na nyingine iliyokwisha kufunguliwa. Hyasinta aliyekuwa na kiu akanyoosha mkono achukue funda, Anselmi akaivuta chupa upesi, akasema ana mafua, atamwambukiza. Clotilda akala pilau yake yote. Kabla ya kuondoka akawapitia mmoja mmoja, akawaomba waje kliniki kesho wasikie majibu, na alipofika kwa Anselmi akamwambia kwa unyenyekevu, "Hasa wewe, shemeji. Wewe ndiye mlezi wangu."

Asubuhi walikuwepo wote: Mzee Beno na fimbo yake, Hyasinta, na Anselmi ndani ya koti na shati la kupigwa pasi, ananukia pipi ya mnanaa. Shahd akawaeleza, akawaonyesha macho ya Clotilda kwenye skrini, yanayozunguka maji yakiingia sikio la kulia, na yanayotulia yakiingia la kushoto. Hyasinta akaanza kufuta jasho. Mzee Beno akauliza maswali mazuri. Anselmi akaona ardhi inamponyoka.

"Mashine hizi," alisema, akicheka, "ukimwaga mtu maji sikioni nani hatazunguka? Hata mimi mnaweza kunifanya mgonjwa."

"Hapana, shemeji," Clotilda alisema polepole, "wewe huwezi kuogopa kitu kama hiki. Ila kama unaogopa, tusimlazimishe jamani."

Ee, alimjua! Alimjua Isidori, na ndugu wa tumbo moja ni wale wale: mwambie anaogopa, atapanda hata mti wa miiba. Anselmi akavua koti.

Shahd hakupenda. Akasema yeye hapimi watu kwa ubishi. Anselmi akasema hakuja kubishana, na yeye wakati mwingine huhisi kizunguzungu, apimwe kama mgonjwa mwingine yeyote. Ikabidi aandikishwe, akaja akakaa. Shahd akamuuliza mbele ya wote kama anataka hawa watoke.

"Wabaki. Waone kwa macho yao."

"Umekunywa pombe yoyote tangu juzi?"

"Mimi?" Mkono kifuani. "Niliapa mbele ya huyu mzee. Muulize."

Akavalishwa miwani. Macho yake yakatokea ukutani, mekundu kidogo. Akafuata taa vizuri. Hyasinta akashusha pumzi. Akalazwa, akageuzwa kichwa kulia, na macho yale yakaanza kuruka. Yanateleza polepole, yanarudi kwa haraka, yanateleza, yanarudi. Shahd akasubiri. Hayakukoma. Akamgeuza kushoto: yakaruka tena, safari hii kwa upande mwingine. Akamkalisha: yakatulia, kimya. Akamlaza tena: haya, ngoma ikaanza upya.

"Mnaona!" Anselmi alisema kutoka ndani ya miwani, hajui kinachoonekana. "Hata maji hajatia, mimi mzima kabisa!"

Shahd akamvua miwani kwa utaratibu. "Baba, siwezi kuendelea. Macho yakiruka hivi chanzo kinaweza kuwa zaidi ya kimoja. Lakini cha kwanza tunachokiulizia ni pombe. Naomba nikuulize tena, kwa faida yako."

"Ni soda tu!" alifoka. "Jana nimekunywa soda tu, wote mliniona!"

Nani alimtajia soda? Mzee Beno alinyanyua kichwa. Hyasinta naye akasimama taratibu. "Soda ipi, Anselmi? Ile uliyoninyang'anya?"

Hapo ndipo Clotilda alipoinuka. Aliinuka bila kushika kitu, na kwa wiki zile za mazoezi alisimama wima kama mlingoti.

"Mnuseni," alisema.

"Wifi..."

"Mnuseni! Si mlininusa mimi? Mlinikumbatia mkaninusa shingo kama mbwa wa bandarini, mkanivua funguo. Leo zamu yake. Sogea, wifi. Mwambie apumue, ateme hiyo pipi."

Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Anselmi alirudi nyuma mpaka kitanda kikamzuia. Hyasinta, mwanamke yule wa huruma, akamshika kaka yake mashavu kwa mikono miwili kama mtoto, akamsogelea, akavuta pumzi. Akaanza kulia palepale. Clotilda akafungua mkoba, akaitoa ile chupa ya dawa ya kikohozi, akaiweka mbele ya Mzee Beno.

"Baba, hii mlisema nimejinunulia mwenyewe, kwa sababu yeye hagusi pombe. Sasa nakuuliza tena. Nani aliniletea?"

Mzee Beno akaitazama chupa, akamtazama Anselmi. Njia ya mwongo fupi, nayo iliishia pale Upanga, kwenye kitanda cha kupimia. Anselmi akafunika uso. "Nilitaka duka," alisema. "Langu lilikufa. Nilitaka duka tu."

Clotilda alitoka nje peke yake. Kwenye varanda alimkuta Nunu akimngoja, akamshika mikono, akacheka mpaka wauguzi wakachungulia. Tamu! Asikudanganye mtu kwamba kisasi kichungu. Kilikuwa kitamu kama chai ya maziwa.

Krismasi, Rombo, ukoo ukakaa. Funguo zilisharudi, hilo halikuwa na mjadala. Kilichobaki ni fidia, na kwa desturi zao mkosaji hutoa mbuzi, wakala, wakamaliza. Mbuzi alikuwa amefungwa pale uani, mnene. Wakamuuliza Clotilda kama anamkubali.

"Simtaki mbuzi," alisema. "Daktari kanikataza ngazi, na sufuria zangu ziko juu. Nataka mtu wa kupanda ngazi. Nataka huyu."

Wazee wakaanza kucheka mmoja mmoja, na Mzee Beno akapiga fimbo chini. Alilitaka duka, basi ameingia dukani.

Siku hizi ukipita Mtaa wa Sikukuu utamwona Anselmi juu, kwenye ngazi, jasho likimtiririka. Clotilda yuko chini kwenye kiti chake anauza. "Namba kumi, shemeji. Siyo hiyo. Nyuma yake." Akiona mguu wake unatetemeka kwenye kipandio, hupaza sauti mpaka makuli wageuke: "Polepole, shemeji! Watu wasije wakasema!" Na watu wanacheka, ndiyo Kariakoo.

Januari ilipokuwa inakwisha, Anselmi alikuja asubuhi amenyoa, ameshika jani la isale kutoka kwao, amelifunga fundo. Kwa Wachaga jani hilo halikataliwi. Ukiletewa, hata kama mtu alikuulia ndugu, unalipokea, na ukilipokea umesamehe. Anselmi akaliweka juu ya kaunta, kwa sababu mikono ya Clotilda ilikuwa imejaa mifuniko. Akasimama upande wake, akaanza. Aliongea kwa muda mrefu. Nunu aliyekuwa ng'ambo anasema mwanamume alilia, machozi ya kweli, mabega yanaruka.

Clotilda alikuwa amemgeuzia sikio la kushoto.

Alipomaliza, akamtazama kama mtu aliyeamshwa. "Umesema nini, shemeji? Hilo sikio halisikii, wewe si unajua? Hebu panda kwanza uniletee namba kumi, mteja anangoja."

Akapanda. Clotilda akaitazama ile isale pale kwenye kaunta, mbichi bado, imefungwa vizuri. Hakuikataa, mila ni mila. Hakuigusa pia. Akachukua sufuria moja, ile kubwa ya pilau ya harusi, akaigeuza mdomo chini, akaifunika nayo ile isale.

Bado hajaifunua.